Rangi ya Zambarau Siku ya Gulio

Pembe ya mdomo ni mahali padogo sana, hapafiki upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Katika miaka yangu ya uuguzi nimezalisha, nimeshona wakata mkonge waliojikata kwa visu vyao, nimekesha na wagonjwa wa kipindupindu. Lakini kosa linalonisumbua mpaka leo nililifanya hapo, kwenye pembe za mdomo wa mwanamke mmoja, kwa kijiti chenye pamba.

Mjukuu wangu anasomea uuguzi. Alikuja likizo akaniambia wenzake chuoni wanataka kusikia habari za kazi ya zamani. Nikamwambia nitaandika mwenyewe, maana nikisimulia kwa mdomo najijua, nitaruka sehemu zinazouma. Kwa hiyo vijana wangu, someni polepole. Ya kuchekesha yapo kidogo, nimeyaweka mwanzoni.

Zahanati yetu ilikuwa bondeni, chini ya milima ya Upare, upande huo wa Kisiwani na Maore. Milima inajichukulia mvua yote, bondeni tunabakiwa na upepo. Upepo ule ukianza kiangazi unakausha midomo. Mtu anairamba ili ilainike, inakauka tena, anairamba tena, na baada ya siku chache pembe zinachanika. Wanaoona ni jambo dogo hawajawahi kuugua. Mtu hapigi miayo kwa raha. Akifungua kinywa apokee tonge, pembe zinapasuka upya. Watoto ndio wanaotia huruma: anataka kula, na akila analia.

Dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa jivii, yale maji ya zambarau mnayoyajua. Tulikosa vidonge vya maumivu, tulikosa bandeji, hata kiberiti cha kuchemshia sindano tulikosa, lakini jivii ilikuwapo. Unga wake kidogo tu ulitosha chupa nzima ya maji yaliyochemshwa. Kwa hiyo tulipaka. Kidonda cha mguu tulipaka, utando mweupe kinywani mwa mtoto tulipaka, pembe za mdomo tulipaka. Mikono yangu ilikuwa na rangi ile mpaka kwenye kucha, na kanisani nilikuwa nikiificha chini ya kitabu cha nyimbo.

Mfugaji mmoja wa Kimasai aliwahi kumleta mwanawe mwenye midomo iliyochanika. Nilipomaliza kumpaka mtoto, mzee akainama kumtazama kwa makini.

"Nesi, hii ukiosha kwa maji inatoka?"

"Haitoki upesi. Inakaa siku kadhaa."

"Basi nipe chupa nzima. Mbuzi wangu wamechanganyika na wa shemeji yangu, na yule bwana anasema wote ni wake."

Sikumpa chupa, lakini nilimpa kidogo kwenye kichupa cha dawa ya macho. Baadaye niliona mbuzi wa zambarau wakivuka barabara, nikajua kesi imekwisha.

Tena kulikuwa na kijana aliyeteremka kutoka milimani siku mbili kabla ya harusi yake. Nilimpaka, na sikumwambia kwamba rangi haitatoka kabla ya Jumamosi. Picha za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe. Ukiitazama picha ya harusi yake utaona bwana harusi mwenye masharubu mawili madogo, moja kila upande wa mdomo. Mkewe ameitundika sebuleni, na kila mgeni anaelezwa kwamba ni kazi yangu.

Tulicheka. Rangi ile ilikuwa bado ni rangi tu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbwambo, mganga msaidizi wa zahanati, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Hakupenda kumtazama mgonjwa ndani ya chumba chenye giza. Alimtoa mpaka mlangoni, kwenye jua, akamwambia afungue kinywa.

"Kidonda hiki hakikuanzia hapa," alikuwa akiniambia. "Kitafute kilikoanzia."

Nitawapa utaratibu wake kama alivyonipa mimi. Kwanza tazama ulimi. Ukiwa na utando mweupe unaokwanguka, hiyo ni njia moja. Ukiwa mwekundu, laini, kama umenyolewa, hiyo ni njia nyingine. Pili vuta kope la chini uone damu ipo au haipo. Mzee asiye na meno mtazame mashavu, maana yakibonyea, pembe za mdomo zinakunjana na mate yanatuama humo. Tatu, uliza: jana ulikula nini? Halafu juzi je? Usiulize unakula nini kwa kawaida, kwa sababu kila mtu kwa kawaida anakula vizuri. Baada ya hapo ndipo usafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, ukaushe kwa kugusagusa bila kusugua, upake dawa kidogo, na juu yake mafuta mazito ili mate yasiingie. Umwambie asirambe.

Nilikosea mapema. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mama mmoja, kwa sauti ya mtu aliyetoka chuoni, "Kula mayai, maziwa na maini." Akaniambia ahsante, akaondoka. Mzee Mbwambo alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kuku wake wako wapi?" akaniuliza.

"Sijui, Mzee."

"Wamekufa kwa kideri mwezi uliopita, wote. Wewe umemwandikia dawa isiyopatikana popote. Mkimbilie. Mwambie kuna mnavu umeota wenyewe kando ya mfereji, auchume. Mwambie mbegu za maboga asitupe. Akipata perege wadogo wa bwawa la Nyumba ya Mungu, hata mmoja wa kutia ladha, watoto wamle na mifupa yake."

Nilimkimbilia mpaka barabarani, viatu mkononi.

Ilikuwa miaka ya foleni. Tulipanga foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya mafuta ya taa, na wakati wa njaa tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Kisha mambo yakalegezwa. Sabuni ikarudi, khanga zikarudi, mitumba ikamwagwa sokoni kama majani. Vitu vikajaa madukani, na wengi wetu tukawa tunapita kuvitazama. Wakati huohuo shamba la mkonge lililokuwa jirani nasi likaanza kupunguza watu. Walikuwa wametoka kila kona ya nchi, Kigoma, Songea, Singida, wengine wamezaa na kuzeeka kwenye kambi za shamba. Siku moja mtu anaambiwa kazi hakuna, na kwao hakumbuki hata njia.

Mmoja wao alikuwa baba yake Shukuru. Mkewe, Mama Shukuru, ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Alikuwa mwanamke wa Kigoma, wa rika langu, mwembamba, mwenye kicheko kinachosikika ng'ambo ya barabara. Mumewe alipokosa kazi, yeye akaanza kuuza uji na vitumbua, siku za kawaida kwenye njia ya kuingilia kambini, na siku ya gulio pale sokoni. Watu walimpenda. Alikuwa akinitania kwamba sisi Wapare tunapika makande Jumatatu tukila mpaka Jumapili, na mimi nikimjibu kwamba vitumbua vyake vina matundu kuliko unga.

Alikuja zahanati mara ya kwanza akiwa na Shukuru, binti yake wa miaka mitatu, mgongoni. Wote wawili pembe za midomo zilikuwa zimechanika.

"Dada Nesi, nisaidie," akasema. "Nikicheka zinapasuka, na mimi siwezi kuuza bila kucheka."

Nikamtoa mlangoni kwenye jua. Ulimi mwekundu, laini. Nikavuta kope, kweupe kabisa. Mtoto vilevile. Nikamuuliza kama nilivyofundishwa.

"Jana ulikula nini?"

"Vitumbua vilivyobaki."

"Na juzi?"

"Vilivyobaki."

"Na visipobaki?"

Akacheka, akashika mdomo kwa maumivu. "Visipobaki, basi siku hiyo biashara imekuwa nzuri."

Nilimpa vidonge vya kuongeza damu, nikamsafisha yeye na mtoto, nikawapaka mafuta mazito. Nikamwelekeza kwenye mnavu na mbegu za maboga. Baada ya wiki mbili alikuwa na nafuu. Baada ya mwezi vidonge vikaisha, navyo vidonda vikarudi.

Hapo katikati kulitokea jambo jingine. Kijana mmoja wa pale kijijini, Ombeni, alikuwa utingo wa malori ya masafa marefu. Alikuwa akirudi na mashati mazuri na redio, anawagawia wadogo zake zawadi. Safari moja akarudi amekonda, na hakuondoka tena. Kinywa chake kilikuwa cheupe mpaka kooni. Tulimpaka jivii asubuhi na jioni, na midomo yake ikawa ya zambarau kwa wiki nyingi. Alikuwa akikaa kwenye kiti mbele ya nyumba ya baba yake, na kila apitaye njiani alimwona. Neno ukimwi lilikuwa jipya kwetu. Tulilisikia redioni kama habari za mbali. Ombeni alipokufa, watu hawakuona utando wala homa. Walichokiona na kukikumbuka ni rangi.

Kijiji kikapata msemo. Ukiulizwa fulani anaumwa nini, jibu likawa, "Amepakwa." Hakukuwa na haja ya kuongeza. Mimi niliusikia msemo huo kisimani, niliusikia kanisani, niliusikia hata kwa jirani yangu. Siwezi kusema sikujua.

Mzee Mbwambo alikuwa amestaafu wakati huo, amerudi kwao Mamba, huko milimani, kulima tangawizi. Zahanati tulibaki wawili, na siku moja ya gulio mwenzangu alikuwa amekwenda Same kufuata dawa. Foleni ilifika nje. Mama Shukuru akafika mapema, ndoo ya vitumbua amemwachia jirani yake sokoni, mtoto mgongoni. Vidonda vilikuwa vibichi kuliko mara ya kwanza. Nilimtazama ulimi, nikamtazama kope. Hali ilikuwa ileile.

Nikachukua chupa ya jivii.

"Dada Nesi," akasema kwa sauti ya chini, "huwezi kunipa ile ya mafuta? Hii itaonekana. Natoka hapa nakwenda kuuza."

Mafuta yalikuwapo. Kopo lilikuwa stoo, hatua kama kumi na tano kutoka pale nilipokaa. Ningeinuka, ningefungua, ningempa. Lakini nilikuwa nimechoka, na watu walikuwa wengi, na nilikuwa na hasira na mwenzangu kwa kuniacha peke yangu. Nikasema, tena kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia:

"Mama Shukuru, unataka kupona au unataka urembo?"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, maana ndivyo alivyokuwa, na damu ikamtoka pembeni. Nikampaka. Sikupaka kidogo kama nilivyofundishwa. Nilichovya kijiti nikazungusha pande zote mbili mpaka kwenye shavu. Kisha nikampaka na mtoto.

Mambo ya sokoni sikuyaona, nilisimuliwa na yule jirani yake. Mteja wa kwanza alikuwa mtu aliyemzoea. Alishachukua kitumbua, akainua macho, akamtazama mdomoni, akakirudisha ndooni polepole kama mtu aliyesahau kitu. Wa pili hakusimama. Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe mkono. Mama Shukuru mwanzoni alidhani watu wameshiba. Baadaye akachukua ncha ya khanga, akaichovya kwenye maji, akaanza kujisugua mdomo. Rangi haikutoka. Damu ndiyo iliyotoka. Alirudi kambini na ndoo imejaa.

Gulio la pili ikawa vivyo hivyo, ingawa rangi ilishafifia. La tatu pia. Hata njiani kambini wakaacha kununua.

Ndipo akaja kwangu. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Nesi."

Hakuwahi kuniamkia shikamoo. Tulikuwa rika moja, tulisalimiana kwa utani. Siku ile aliniamkia kama mtu aliyekuja kuomba. Nikababaika, nikaitikia, "Marahaba, Mama Shukuru. Karibu."

"Nesi, naomba kitu kimoja. Siku ya gulio uje pale ninapouzia. Ule kitumbua kimoja tu. Watu wakuone. Wakikuuliza, uwaambie mimi siumwi hiyo."

Nikamwambia kazi yetu ina siri. Habari za mgonjwa hatuzitoi sokoni.

"Siri ni ya nani? Si yangu? Mimi nimekuruhusu."

"Sina uhakika, Mama Shukuru. Bila kupima damu hakuna mwenye uhakika. Nenda Same ukapimwe, ukileta majibu nitakuja."

Akasogea mezani. "Na wewe unadhani ninao?"

Nilikuwa na daftari la wagonjwa mbele yangu. Nikaanza kupanga mistari yake kwa rula.

Nitawaambia ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikila pale, watu watasema nesi naye amepakwa, na watoto wangu watatengwa shuleni. Niliogopa kwamba huenda ninakosea. Neno "uhakika" lilikuwa zuri, la kitaalamu. Nikajifunika nalo.

Alikwenda Same. Damu ikachukuliwa ikapelekwa Moshi, akaambiwa majibu yatatumwa zahanati, asubiri. Akasubiri wiki nyingi. Waliomwona akipanda basi la kwenda hospitali walisema kumbe ni kweli. Na mumewe, ambaye mpaka hapo alikuwa akimtetea, alimuuliza nesi amesemaje. Akamwambia ukweli, kwamba nesi amesema hana uhakika. Yule bwana akakaa siku mbili tu. Siku ya tatu akachukua kisu chake cha mkonge na blanketi, akasema anakwenda kutafuta kazi mashamba ya upande wa Tanga. Mlangoni akamwambia, "Hata nesi hajui, mimi nitajuaje?"

Maneno hayo aliniambia mwenyewe, bila hasira, siku nilipompelekea unga. Nilikwenda mara moja tu, jioni, nikapitia nyuma ya kambi nisionekane. Aliupokea kwa mikono miwili akasema, "Karibu ukae." Nikasema nina haraka. Shukuru alikuwa ameketi kizingitini, tumbo limejaa, miguu kama vijiti, nywele zimekuwa nyekundu. Nilimwona. Nilikuwa nesi na nilimwona, nikasema nina haraka.

Kiangazi kile surua ikapita bondeni. Watoto wengi waliugua, na wengi wao walipona, maana surua ikimkuta mtoto ameshiba mara nyingi inamwacha. Shukuru aliletwa na mama yake asubuhi, macho yamefumba kwa matongo, pumzi inakwaruza, kinywa chote kimekuwa kidonda. Nilimlaza. Nilimpa kila tulichokuwa nacho. Nilimnywesha maji kwa kijiko, tone baada ya tone, na kila nilipogusa pembe ya mdomo alijikunja. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mama yake akaniambia, "Nesi, mbona ametulia?"

Nilijua kabla sijageuka.

Kwetu Upareni msiba hauhitaji mwaliko. Mtu anasikia, anaacha jembe, anakwenda. Ule wa Shukuru walikuja mwalimu wa madrasa, wanaume wanne wa kambini, bibi mmoja wa Kimakonde jirani yake, na mimi. Jirani aliyewahi kumlindia ndoo sokoni alisimama mbali, hakusogea. Bibi wa Kimakonde alipika uji. Nilikunywa vikombe viwili. Mama Shukuru alinitazama nikinywa. Mimi sikuweza kumtazama.

Wiki iliyofuata nilipanda Mamba kwa Mzee Mbwambo. Nilimkuta shambani, ameinamia matuta ya tangawizi. Akaniamkua kwa furaha, akaniita mwanangu kama zamani, akaninawisha mikono nile. Nikamwambia sitakula mpaka niseme. Nikamsimulia yote, mpaka mazishi. Nilimaliza kwa kusema, "Lakini Mzee, sikuwa na uhakika."

Akaweka jembe chini. Kisha akauliza:

"Ulimtoa kwenye jua?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ulimi ulikuwaje? Una utando?"

"Hauna. Ulikuwa mwekundu, laini."

"Kope?"

"Nyeupe."

"Ulimuuliza amekula nini?"

"Nilimuuliza."

"Akakujibu?"

"Akanijibu."

"Basi ulijua," akasema Mzee Mbwambo. "Ulijua kwamba ni njaa."

Hakunigombeza. Alirudi kwenye tuta lake akaendelea kupalilia, nami nikakaa pale ukingoni nikilia, na alipomaliza mstari akaja akaketi kando yangu.

Majibu yalifika siku chache baadaye, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, na karatasi nyingine kwa ajili yetu sisi wa zahanati. Hakuwa na ugonjwa. Nilichukua bahasha yake nikaenda nayo kambini, safari hii mchana, kwa njia ya mbele. Nilimkuta anafunga mzigo. Bibi wa Kimakonde alikuwa amemtafutia nafasi kwenye lori mpaka Singida. Kutoka huko angejua mwenyewe atakavyofika Kigoma.

Nikampa bahasha kwa mikono miwili. "Mama Shukuru, majibu. Huna. Damu yako ni safi."

Aliipokea, akaigeuza, hakuifungua. Pembe za mdomo wake zilikuwa zimepona wakati huo, zimeacha mistari miwili myeupe.

"Ninyi ndio mliokuwa hamjui," akasema. "Mimi nilijua."

Akaiweka bahasha juu ya jiwe la mafiga lililokuwa limeachwa pale, akainua mzigo wake kichwani. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimesikia." Akaenda. Sijui kama alifika kwao. Niliwahi kuuliza watu wa Kigoma waliobaki kambini, hakuna aliyekuwa na habari zake. Mumewe naye sikumsikia tena.

Nilibaki kazini miaka mingine mingi. Sikumpaka tena mtu usoni bila kumuuliza anakwenda wapi akitoka kwangu. Kopo la mafuta mazito nililihamishia mezani. Dawa nyingine zikaja, za krimu zisizo na rangi, nanyi sasa mnazo na hamjui bahati yenu.

Siku moja, watoto wangu wakiwa wakubwa tayari, alikuja binti muuza chai wa palepale gulioni. Alikuwa amepakwa jivii zahanati ya kijiji kingine, nusu ya kidevu, na asubuhi ile hakuna aliyenunua chai yake. Alikuwa analia mpaka kwikwi. Nilimtoa kwenye jua, nikamtazama ulimi, nikamtazama kope, nikamuuliza jana alikula nini. Kisha nikawaambia wagonjwa waliokuwa kwenye foleni, "Nisubirini kidogo," nikatoka naye nikiwa na sare yangu nyeupe.

Nilikaa kwenye benchi lake, mbele ya watu wote. Akanimiminia chai, akaniwekea chapati mbili. Nikala chapati ya kwanza. Mzee mmoja muuza kamba akasimama.

"Nesi, unakula hapo?"

"Nakula, baba. Shikamoo. Chapati zake laini, zinakufaa wewe usiye na meno."

"Marahaba. Na huyo binti, mdomo?"

"Upepo, baba. Upepo na njaa. Keti unywe chai, naye apate cha kula."

Akaketi. Akaja mwanamke na mtoto wake, akaketi. Nilipomaliza chapati ya pili benchi lilikuwa limejaa, nikainuka kumwachia mtu nafasi.

Niliporudi zahanati nilitazama saa ya ukutani. Nilikuwa nimetoka kwa robo saa tu, kwenda na kurudi. Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikaketi juu ya sanduku la dawa nikalia kwa sauti, mkono mdomoni. Baadaye mwenzangu akagonga akasema wagonjwa wamejaa. Nikajifuta uso, nikatoka.